Miwani ya mwanga kwa rubani wa safari ndefu: nunua, lakini usifuate karatasi yake

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asisumbuke kusoma mpaka chini: miwani hii inafanya kazi. Kisichofaa ni karatasi ya maelekezo iliyokunjwa ndani ya boksi, pamoja na programu ya simu inayoambatana nayo. Rubani atakayezifuata neno kwa neno baada ya safari ndefu ya kuelekea mashariki atajirefushia uchovu, na hatajua ni kwa nini, maana kila siku atakuwa anafanya kile alichoambiwa.

Mimi ni rubani msaidizi kwenye ndege za safari ndefu. Kazi yangu ni kuruka usiku, kutua asubuhi, kulala hotelini mchana, kisha kugeuza. Usingizi kwangu ni sehemu ya kazi na ninaupanga mapema, ndiyo maana naandika kwa urefu. Jina la kampuni sitalitaja. Miwani ya namna hii inatengenezwa na wengi sasa, na mengi nitakayosema yanaihusu yote.

Umbo lake kwanza. Haina vioo. Ni fremu nyepesi ya plastiki yenye ukingo unaokaa juu ya nyusi, na ndani ya ukingo huo kuna taa ndogo za LED zinazomulika kuelekea chini, jichoni. Mbele yako unaona bila kuzuiwa: unasoma, unapiga pasi shati la sare, unapanga begi. Mwanga wake ni bluu iliyoegemea kijani, na dakika za mwanzo kila kitu chumbani kinabadilika rangi, kisha jicho linazoea. Unaweza kuivaa juu ya miwani ya kusomea, ila taa zinaakisi kwenye vioo na kuacha mistari miwili myeupe sehemu ya chini ya unachokiona. Mistari hiyo inaudhi ukiwa unasoma chati kwenye tableti. Kipande cha puani ni mpira laini na hakiumizi. Betri inadumu vizuri. Nikiichaji kabla ya kuondoka sihitaji waya mpaka nirudi.

Kuna kosa moja la ubunifu ambalo nalilalamikia kwa dhati. Kijitaa kinachoonyesha kwamba kifaa kinachajiwa ni cha bluu, kikali, na hakizimiki. Kwenye chumba cha kulala ulichohangaika kukitia giza, kijitaa hicho kinamulika dari nzima. Waliobuni kifaa hiki wanajua kuliko mtu mwingine yeyote kwamba mwanga wa rangi hiyo ni adui wa usingizi. Nimekifunika kwa kipande cha plasta nyeusi, na ninamshauri kila atakayenunua afanye hivyo siku ileile ya kwanza.

Sasa tuone kwa nini miwani ya taa iweze kumsaidia mtu aliyechoka. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna vifundo viwili vidogo vyenye seli 20,000 hivi. Hiyo ndiyo saa kuu ya mwili. Ndiyo inayoamua lini joto la mwili lishuke, lini homoni ya melatonini imwagike, lini kope ziwe nzito. Ikiachwa bila ishara yoyote kutoka nje haitembei saa 24 kamili. Kwa watu wengi inazidi kidogo. Kwa hiyo inahitaji kurekebishwa kila siku, na kinachoirekebisha kuliko kitu kingine chochote ni mwanga unaoingia machoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walionyesha kwamba nyuma ya jicho, mbali na seli tunazoonea, kuna seli nyingine chache zenye kemikali iitwayo melanopsini. Kazi yake kubwa ni kupima ukali wa mwanga na kuipelekea taarifa ile saa. Zinaitikia zaidi mwanga wa bluu, wa nanomita 480 hivi. Hapo ndipo rangi ya miwani hii ilipotoka.

Saa hii kuzidi 24 ndiko kunakofanya safari za mashariki zituchoshe kuliko za magharibi. Ukienda magharibi siku inarefuka, na mwili unapenda hivyo. Ukienda mashariki siku inakatwa, nao mwili unagoma. Hata ukifanya kila kitu sawasawa, makadirio tunayopangia ni kwamba saa ya mwili inasogea kwa saa 1 hivi kwa siku ukielekea mashariki, na zaidi kidogo ukielekea magharibi. Anayekuuzia kitu kwa ahadi ya kukuzoesha kanda 8 za saa kwa usiku mmoja anakudanganya.

Jambo la mwisho kabla ya kurudi kwenye kifaa: ukali. Taa za chumbani jioni kwa kawaida hazifiki luksi 300 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali). Nje, hata siku ya mawingu, unapata maelfu, na jua kali la mchana linafika luksi 100,000. Taa za mezani za tiba ya mwanga hutoa 10,000 ukizisogelea. Maana yake ni kwamba kukiwa na jua huihitaji miwani hii hata kidogo. Toka nje, tembea, acha miwani nyeusi mfukoni. Kifaa hiki ni cha wakati ambapo unahitaji mwanga na jua halipo: majira ya baridi katika nchi za kaskazini, alfajiri kabla ya kupambazuka, au ukiwa umefungiwa hotelini.

Nije kwenye karatasi. Inasema, kwa herufi nene, ivae asubuhi unapofika, uipe nusu saa. Basi. Hakuna swali la ulitoka wapi wala umeelekea upande gani.

Chukua safari ya kuvuka kanda 8 kwenda mashariki. Ndege inatua saa 1 asubuhi ya huko. Mwili wako bado uko ulikotoka, na kwake ni saa 5 usiku. Saa ya mwili huitikia mwanga kwa namna mbili zinazopingana, na mpaka kati ya namna hizo ni pale joto la mwili linapofika chini kabisa, saa mbili au tatu kabla ya muda wako wa kawaida wa kuamka. Kwa anayezoea kuamka saa 1 asubuhi, mpaka huo uko karibu na saa 11 alfajiri. Mwanga unaokupata kabla ya mpaka unaichelewesha saa. Unaokupata baada ya mpaka unaiwahisha. Ukienda mashariki unachotaka ni kuiwahisha.

Rudi sasa kwenye ile saa 1 asubuhi ya kutua. Ukivaa miwani wakati huo, mwili unapata mwanga mkali saa 5 usiku, na saa inachelewa. Umeisukuma kuelekea ulikotoka. Mpaka wako, saa 11 alfajiri ya nyumbani, utafika saa 7 mchana ya hapo ulipo. Kabla ya hapo unatakiwa gizani umelala, au kama ni lazima uwe nje, nyuma ya miwani nyeusi. Kuanzia saa 7 na kitu mpaka jioni ndipo utafute mwanga kwa nguvu zako zote. Siku ya pili mpaka utakuwa umesogea, kwa hiyo unaweza kuanza saa 6; ya tatu, saa 5; na kadhalika, mpaka ufike asubuhi halisi. Karatasi ingekuwa na maana baada ya karibu wiki nzima. Wanaoihitaji wanaisoma siku ya kwanza.

Upande wa magharibi ni mwepesi zaidi. Kanda 8 kwenda magharibi, mpaka uko saa 3 usiku ya kule, nawe unataka kuichelewesha saa. Kaa kwenye mwanga kuanzia alasiri mpaka karibu na saa hiyo, kisha zima kila kitu. Hapa miwani inafaa kweli, hasa jua likizama mapema, kwa sababu jioni ndipo unapohitaji mwanga na ndipo unapokosekana. Mwanga wa asubuhi ambao karatasi inausisitiza hausaidii sana upande huo. Na ukivuka kanda nyingi zaidi, 10 au 11 kwenda mashariki, mara nyingi ni afadhali kuuacha mwili uzungukie upande wa magharibi, uchelewe mpaka ufike, kuliko kuulazimisha uwahi.

Programu ya simu inajaribu kuyaweka haya sawa, nami nilikuwa na matumaini nayo. Unaandika unakotoka na unakokwenda, inakuchorea mistari ya njano kwa mwanga na ya kijivu kwa giza. Kwa abiria anayesafiri mara moja kwa mwaka mistari hiyo ni sahihi na ni bora mara nyingi kuliko ile karatasi. Kwa rubani haifai, kwa sababu inadhani kila safari inaanzia nyumbani, na mtu amelala usiku wake wote vizuri. Sisi tunatoka mashariki, tunakaa siku mbili, tunapelekwa magharibi. Katikati ya ratiba ya namna hiyo saa ya mwili haiko nyumbani wala haiko hotelini, iko mahali fulani kati ya hapo, na programu haiulizi hata mara moja ulilala lini. Juu ya hayo, simu ikibadili majira yenyewe baada ya kutua, mistari yote inaruka na ile ya jana inapotea.

Ninachofanya mimi ni cha kalamu na karatasi. Kwenye daftari nachora mstari wa saa 24 kwa saa ya Zulu, yaani saa ya kimataifa (UTC), ileile tunayoitumia kwenye mpango wa safari, ili nisichanganywe na majira ya hapa na pale. Chini yake natia rangi vipande nilivyolala kweli siku tatu zilizopita. Kutokana na hivyo nakadiria joto la mwili linashuka wapi, naweka alama, kisha naandika kabla yake giza, baada yake mwanga, au kinyume chake ikiwa naelekea magharibi. Inachukua muda mfupi nikiwa nasubiri begi. Kwa kutumia mstari huo miwani imenisaidia wazi: nikiwa na mapumziko ya siku kadhaa mahali pamoja, au nikirudi nyumbani kwa likizo ya wiki, nalala usiku na kuamka asubuhi mapema kuliko nilivyozoea kabla ya kuinunua. Kurudi nyumbani ndiko inakonifaa zaidi, kwa kweli. Nyumbani kuna watu wanaoamka asubuhi na wanataka kuniona nikiwa macho.

Sasa kuna jambo ambalo boksi halisemi, nami nataka lisomwe na kila anayeshika usukani wa ndege, gari au mtambo. Mwanga mkali una kazi ya pili tofauti na kusogeza saa: unakuchangamsha papo hapo. Vaa miwani hii ukiwa na usingizi, na baada ya muda mfupi unajisikia uko macho. Hisia hiyo ni ya kweli, lakini haina maana kwamba umelipa usingizi unaodaiwa. Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya ubongoni na kukulemea, na kinachoiondoa ni usingizi. Kafeini inaizuia isisikike kwa saa kadhaa. Mwanga nao unaifunika kwa muda. Chini ya pazia hilo deni liko palepale, na uwezo wa kufanya maamuzi unabaki umechoka ingawa macho yamefunguka.

Ajali ninayoikumbuka kila ninapofikiria hili ni ya Guantánamo Bay, Cuba, tarehe 18 Agosti 1993. Ndege ya mizigo aina ya DC-8 ilianguka ikijaribu kutua. Ilikuwa karibu saa 11 jioni, mchana mweupe wa Agosti, anga safi. Mwanga ulikuwa mwingi kupita kifaa chochote. Kapteni alikuwa amekaa macho saa 23 na nusu. Wakati ndege inapinda kuelekea uwanjani, akili yake iling'ang'ania kuitafuta taa ya kumulika iliyotakiwa kuwa kwenye mpaka wa kambi ya jeshi la wanamaji la Marekani iliyoko hapo, taa ambayo siku hiyo haikuwaka, huku mwendo ukishuka na wenzake wakimwonya. Baadaye aliwaeleza wachunguzi kwamba alijihisi mzito na asiyejali. Wote watatu waliokuwa ndani walinusurika wakiwa na majeraha makubwa, na bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani ikataja uchovu wa marubani kuwa miongoni mwa vyanzo vya ajali, jambo ambalo halikuwa limefanyika hivyo kabla katika ajali ya ndege kubwa. Jua la Karibea halikumsaidia. Miwani yangu nayo isingemsaidia.

Kwa hiyo sheria yangu ni kwamba siivai miwani hii kabla ya zamu ili kujikokota. Ikiwa sikulala, nampigia mtu wa ratiba na kusema sikulala. Kanuni zipo za kumlinda anayesema hivyo. Zile za Marekani zilizoanza tarehe 4 Januari 2014, baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo iliyoua watu 50 mwezi Februari 2009, zinataka rubani apewe mapumziko ya angalau saa 10 kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya saa 8 za kulala bila kukatizwa. Ni kanuni nzuri. Lakini nafasi hiyo inaweza kuangukia saa 4 asubuhi kwa saa ya mwili wako, ukajilaza kitandani umekodoa macho darini na lepe la usingizi lisije.

Ndani ya chumba cha marubani miwani hii haiingii kabisa. Usiku tunazipunguza taa za paneli makusudi, kwa sababu jicho linahitaji nusu saa hivi kuzoea giza kikamilifu, na mwanga wa bluu ukimwagika karibu na uso unaivuruga kazi hiyo mara moja. Mwenzako pembeni naye anaharibikiwa. Kinachosaidia usiku, kwa mashirika yanayoruhusu, ni usingizi mfupi wa kupangwa kitini, mmoja akilala na mwingine akiwa macho na ndege mikononi. NASA ilichapisha utafiti wake maarufu juu ya hili mwaka 1994: marubani walipewa nafasi ya dakika 40, wakalala wastani wa dakika 26, na walikuwa macho zaidi wakati wa kushuka na kutua kuliko wenzao ambao hawakulala. Mamlaka ya Marekani bado haijauruhusu; Ulaya unaruhusiwa kwa masharti.

Masharti hayo yana sababu. Mtu akiamshwa kutoka usingizi mzito huwa katika mang'amung'amu, na mang'amung'amu ndani ya ndege ni hatari. Usiku wa Januari 2011, ndege ya Air Canada ikitoka Toronto kwenda Zurich juu ya Atlantiki, rubani msaidizi aliamka baada ya kulala zaidi ya saa moja. Kwanza aliitazama sayari ya Zuhura akadhani ni ndege; kisha alipoiona ndege halisi iliyokuwa ikija chini yao, akadhani iko juu na inawashukia, akasukuma pua ya ndege chini. Watu 16 waliumia, wengi wao hawakuwa wamefunga mikanda. Huko Mangalore, India, tarehe 22 Mei 2010, kapteni wa Air India Express alilala sehemu kubwa ya safari, kinasa sauti kikanasa hata mkoromo wake. Aliamka, wakakaribia uwanja wakiwa juu mno, na ndege ikapitiliza mwisho wa njia ya kutulia. Watu 158 walikufa, 8 wakapona. Mimi nikitoka kwenye kitanda cha wafanyakazi huko nyuma, nakaa kwanza. Nanawa uso, nakunywa maji, nazungumza na wahudumu kidogo, na sigusi chochote mpaka nihakikishe kwamba nasikia na kuelewa. Taa yoyote ya kuvaa usoni haiwezi kuchukua nafasi ya dakika hizo.

Bado sijataja safari tunazofanya zaidi, zile za kufika na kugeuza kesho yake. Kapteni mmoja mtu mzima aliniona nikiitoa miwani kwenye begi ndani ya basi la wafanyakazi.

"Mwanangu, hapa tunalala usiku ngapi?"

"Mmoja tu, Kapteni. Kesho jioni tunaondoka."

"Basi mwili wako una haja gani ya kuhamia hapa?"

Alisema kweli, na hilo ndilo jambo ambalo mtengenezaji hawezi kuliandika kwenye boksi lake. Kwa mapumziko ya siku moja, saa ya mwili haitasogea kiasi cha kukufaa, na ukiisogeza utairudisha nyumbani ikiwa imevurugika. Bora kuiacha ilipo, ulale kwa majira ya nyumbani iwezekanavyo. Kinachotakiwa basi ni giza, na giza halihitaji betri.

Ndiyo maana tathmini hii inakuwa ya vitu viwili, kwa sababu kitambaa cha macho nilichokinunua pamoja na miwani kimenifaa mara nyingi zaidi. Hakibani macho. Kina vikombe viwili vilivyochongwa ndani, kope zinapepesa bila kugusa kitambaa, na pembeni ya pua kuna ukingo laini unaoziba ule mwanya ambao vitambaa vya bure vya kwenye ndege huuacha wazi. Mkanda wake ni mpana na hauna bizimu la plastiki la kukuchoma ukilala ubavu. Usiku ukigeuka hakihami. Nikikivaa saa 3 asubuhi, jua likiwa linagonga pazia, kwangu ni usiku. Kasoro yake ni joto: kwenye chumba kisicho na hewa ya kutosha, jasho linakusanyika kwenye vikombe. Kinafuliwa kwa mkono na kukauka haraka.

Mapazia ya hoteli yana tabia ya kuacha ufa katikati. Vibanio vya hanga ya suruali, zile zilizomo kabatini, vinauziba vizuri. Vuta pande mbili, bana juu, kati na chini. Taulo lililokunjwa chini ya mlango linazima mwanga wa korido. Joto la chumba lishushwe. Haya marubani wengi wanayajua, nayaandika kwa ajili ya wanaoanza.

Katika boksi kulikuwa pia na miwani nyingine, yenye vioo vya rangi ya kaharabu, ya kuzuia mwanga wa bluu. Naipita haraka. Inafaa ukiwa abiria kwenye basi baada ya kutua alfajiri, usitake jua likuamshe kabla ya kufika kitandani. Usiivae ukiendesha gari ukiwa umetoka kukesha, maana inakuongezea usingizi. Na usiivae kazini hata mara moja: inabadilisha rangi, na rubani lazima atofautishe taa ya onyo nyekundu na ya tahadhari ya njano bila kusita. Ukitaka miwani ya jua ya kazini chukua ya kijivu ya kawaida, isiyo ya polaroidi, kwa kuwa ya polaroidi inazifanya skrini nyingine zififie na kuonyesha mabaka kwenye kioo cha mbele.

Nani anunue? Rubani au mhudumu mwenye mapumziko marefu ya siku nne na kuendelea mahali pamoja. Anayeishi pasipo na jua sehemu ya mwaka. Anayeanza wiki ya zamu za alfajiri na anataka kuiwahisha saa yake siku chache kabla, kwa kuvaa nusu saa mara tu anapoamka na kila siku akiamka mapema kidogo. Wauguzi na wafanyakazi wa usiku mfululizo pia inaweza kuwafaa, ila mpango wao ni tofauti na wetu na nisingependa waige wangu. Mwenye ratiba za kugeuza siku moja anunue kitambaa cha macho, aache miwani.

Mwenye ugonjwa wa retina, aliyewahi kupata ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi (bipolar), au anayetumia dawa zinazoongeza wepesi wa kudhurika na mwanga, aanze kwa daktari. Na kwa marubani wenzangu: vidonge vya melatonini vinavyouzwa pembeni mwa vifaa hivi, hata kama vinaonekana vya kawaida, usimeze bila daktari wa usafiri wa anga anayeshughulikia cheti chako kujua.

Nimewaandikia watengenezaji kuomba mambo matatu: karatasi itenganishe mashariki na magharibi na ieleze mpaka wa mwanga, programu iulize mtu alilala lini siku tatu zilizopita na iruhusu saa ya Zulu, kijitaa cha chaji kiwe chekundu hafifu au kizimike. Walijibu kwa adabu kwamba la programu limepelekwa kwa mafundi. Toleo jipya likitoka nitalijaribu kwenye ratiba halisi na kuja kusahihisha niliyoyaandika hapa.